Msiba wa Radi

Mwaka 1957 watu walikuja ofisini kwetu Mbeya kulia msiba wa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Cheka tu. Mimi Ikupa nilikuwepo.

Tulikuwa na kijigazeti cha picha, kinapanda basi mpaka Iringa. Shujaa wake aliitwa Radi. Mgolole begani, anadaka radi kwa mkono na kuwatandika nayo majambazi.

Aliyemchora ni mzee Liberatus, Mhehe wa Iringa, ndiye aliyenifundisha kuchora. Mwishoni mikono ilimtetemeka, nikawa namchorea mimi. Kisha akafariki.

Bosi wetu, Silvester, akasema, "Mchoraji amekufa, na Radi afe."

"Bosi, Radi ana binti, Sekela. Niache nimchore arithi."

"Mwanamke adake radi? Na mtoto mgongoni? Ikupa, usinichekeshe."

Niliumia, acha tu.

Basi nikamuua Radi. Basi la abiria linaporomokea mtoni pale Igawa, Radi analizuia, abiria wanatoka, yeye anakwenda na maji. Pembeni, ukingoni, nikachora binti amesimama.

Gazeti likatoka. Wiki haijaisha, nasikia vilio barabarani.

Akina mama wa Tukuyu hao! Vitambaa vya msiba viunoni, mikungu ya ndizi kichwani. Mbele yao Bibi Tusajigwe.

Silvester akatoka mbio. "Mama, yule ni picha tu!"

"Kwa hiyo picha haina ndugu? Mrithi wake nani?"

"Hana!"

"Sasa msiba tutaufungaje bila mrithi? Hatuondoki."

Wakawasha moto uani, wakapika. Wateja wakashindwa kupita. Silvester jasho linamtoka, mimi nacheka kimoyomoyo.

Bibi akafunua gazeti. "Na huyu wa ukingoni?"

"Sekela, binti yake!" nikadakia kabla bosi hajafumbua mdomo.

Bibi akawageukia wenzake. "Marehemu hana kaka, hana mtoto wa kiume. Basi ni huyu. Na jina la baba ni lake. Kuanzia leo ndiye Radi."

Wakaimba wimbo wa kanisani, wakabeba sufuria zao, wakaondoka.

Silvester angefanya nini? Nilimchora Sekela ndani ya mgolole wa baba yake, akadaka radi yake ya kwanza, gazeti likaisha hata Iringa halijafika. Nililia kwa furaha.

Halafu nikatazama chini ya picha.

"Mchoraji: Edmund."

Edmund! Mpwa wa Silvester, hata mbuzi hawezi kumchora!

"Bosi, hii nini?"

"Jina la kike litatuharibia biashara. Kachemshe chai."

Mwezi uliofuata Bibi Tusajigwe akarudi na mkungu mkubwa wa ndizi.

"Nimekuja kumwona aliyerithi kalamu ya Liberatus."

"Huyu hapa," Silvester akamsukuma Edmund mbele.

"Ndaga fijo, mwanangu," Bibi akasema, akampa ndizi. Asante sana, hiyo, kwa Kinyakyusa chetu.

Mimi nimesimama hapo hapo na birika mkononi, wino umejaa kwenye kucha. Nikammiminia Bibi chai.

Na ule mkungu? Niliubeba mimi, kichwani, mpaka nyumbani kwa Edmund.

Dada zangu, mrithi anapotajwa, dakia. Nilimdakia Sekela wa karatasi akapata jina la baba yake. Siku yangu ilipofika, nilimimina chai.