Sijida Ndefu Niliyosifiwa

Ninyi mnaomeza dawa za presha na presha haishuki, nisikilizeni. Wake zenu wasikilize zaidi.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Nilihamia Bujumbura nikiwa kijana, nikaoa mtaa wa Bwiza, nikaweka cherehani yangu barazani mwa duka moja mtaa wa Asiatique. Nilikuwa na shingo nene na tumbo la kunitangulia mlangoni, na nilijivunia vyote viwili. Vita ilipoanza sikurudi kwetu. Cherehani haina kabila, nilijiambia.

Milio ya risasi ilininyima usingizi, nikaanza kununua vidonge vya kulalia. Nililala, lakini niliamka kichwa kinagonga, mdomo mkavu, baada ya kuamka usiku kukojoa mara nne. Mchana nilisinzia juu ya vitambaa. Siku moja sindano ilipenya ukucha ikatokea upande wa pili. Sikujali. Nani hakuwa na usingizi mjini wakati ule?

Msikitini ndiko nilikoharibu. Wenzangu wanainuka kutoka sijida, mimi bado niko chini. Wakaanza kunisifu: "Fundi analilia Mungu juu ya hii inchi." Ukweli nilikuwa nimelala. Nikanyamaza, maana sifa ni tamu, jamani!

Ijumaa moja sikuinuka kabisa. Waliponigeuza, midomo ilikuwa imebadilika rangi, mate yananitoka, mkono wa kushoto mzito. Wakanibeba hadi kwa daktari aliyekuwa akinipa dawa za presha, na mke wangu akaitwa. Daktari alinipima mara tatu.

"Ishirini na moja juu ya kumi na mbili, ni kusema mia mbili na kumi juu ya mia na ishirini. Muzee, dawa unakunywa ao unatupa?"

"Nakunywa, dokta."

"Mishipa yako imekuwa migumu sawa mpira wa zamani. Hii tansiyo, hii presha, ikibaki hivi, mushipa utapasuka mu kichwa."

Mke wangu akasogea mbele. Kwetu mambo ya chumbani hayatoki nje, nikamkazia macho anyamaze.

"Dokta, huyu anakataka pumuzi. Anakoroma, kisha kimya. Mi nahesabu na tasbihi. Nikifika kumi na tano namupiga ngumi, ndio anavuta. Naogopa atakufa, na inje kuko masasi, nitamupeleka wapi?"

"Tangu lini, mama?"

"Miaka mbili."

Kusema kweli, nilikasirika. Kisha nikayaona macho yake mekundu, ambayo siku zote nilidhani ni ya vita, nikaona haya.

Daktari alieleza kuwa koo langu huziba nikilala, hewa inakosekana, moyo unasukuma kwa nguvu na mishipa inakakamaa. Vile vidonge vya usingizi vilikuwa vinanimaliza, akaniachisha polepole. Mashine ya kunisaidia kupumua hakuwa nayo. Nilale kiubavu, alisema, nipunguze mwili, dawa ya presha nisiiruke. Nikashona mfuko mgongoni mwa fulana, nikatia mpira mdogo; nikilala chali unaniumiza. Miezi ya kwanza ilikuwa mateso matupu, risasi zinalia na mimi macho kodo. Lakini tumbo likapungua, presha ikashuka taratibu, mkono ukapata nguvu. Vidole viwili havihisi uzi mpaka leo.

Asubuhi moja niliamka jua limeshapanda, na mke wangu hajaondoka kitandani. Nikaogopa, nikaweka mkono puani mwake. Alikuwa amelala tu. Nikatoka kwa kunyata, nikawasha mkaa mwenyewe.

Namshukuru Mungu, namshukuru na yule daktari. Wewe nawe, leo muulize anayelala karibu nawe unavyopumua, maana aliyelala hajioni. Akikutajia jambo la aibu, mshukuru. Mimi wangu nilimkazia macho, naye akasema hivyo hivyo. Ndiyo maana nipo.