Jiwe Likisukumwa

Mwaka ule mvua ya mawe ilipiga chai ya baba mara tatu kwa mwezi mmoja. Mimi nilikuwa nafundisha fizikia shule moja upande wa Litein. Jumamosi nikapanda hadi nyumbani Kimulot kumwomba asikate tamaa, kwa sababu miche mipya ilikuwa tayari, shamba limelimwa, na yeye anasema atampa jirani miche yote.

Badala ya kumwambia pole nikaanza ualimu. Ndiyo tabia yangu, na inaniudhi mpaka leo. Wiki hiyo redio ilikuwa imetangaza ati jiwe kubwa la angani lingepita karibu na dunia baada ya miaka thelathini, na huenda likaigonga, kesho yake wakasema hesabu ilikosewa. Nikamweleza kwamba mawe ya huko juu si aina moja: mengine ni chuma, mengine mwamba, mengine rundo la kokoto lililoshikana kidogo tu. Hilo la kokoto ukililipua linazaa mengi. Afadhali kuligonga miaka mingi mapema kwa chombo kizito, mwendo ubadilike kidogo, siku ikifika liikose dunia. Nilitaka aone kwamba hata jiwe la ukubwa wa mlima lina dawa, sembuse punje za barafu.

Alisikiliza huku akiing'olea miche magugu. Kisha akauliza, "Likisukumwa, linamwangukia nani?"

Jibu nililijua. Likisukumwa mapema linapita. Wakichelewa, laweza kuiacha nchi moja likaangukia nyingine. Lakini nilitaka apande.

"Hakuna mtu, Baba."

"Hata wale wa ndege walituambia hivyo, mwalimu."

Nilikuwa nimesahau. Zamani mashamba makubwa ya chai yalikuwa na ndege ndogo ya kuvuruga mawingu ili mawe yasiyaangukie, na watu wetu waliamini mawingu hayo yalifukuziwa kwetu. Baba alienda ofisini kuuliza, akajibiwa kwa upole kwamba hayamwangukii mtu, akarudi. Miaka yote niliicheka imani hiyo. Kumbe mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliona aibu, na bado sikusahihisha jibu langu.

Jumatatu jirani alikuja na mkokoteni akabeba miche. Chai hiyo naiona kila nikienda nyumbani; mawe huipiga, inachipuka tena, wanachuma. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuniuliza tena swali lolote la darasani.