Ukuta Nilioula

Mwaka niliosomea ualimu nilikula ukuta wa shule. Nasema mapema ili mtu asije akadhani ni methali. Niliula kweli, kwa kidole na kwa kijiti, kuanzia usawa wa dawati langu la nyuma kwenda juu, na kama mtihani usingefika labda ningelifikia paa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Shule yenyewe ilikuwa darasa moja refu la miti na udongo, bweni, jiko na shamba la mihogo. Tulikuwa wasichana wachache tunaoandaliwa kwenda vijijini kufundisha wanawake kusoma, kushona na kulea watoto. Baadhi yetu tulikuwa tumeshaolewa. Mume wangu alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu, anashuka chini ya ardhi asubuhi na kutoka jioni. Alipokuja kupata habari zangu alisema ndoa yetu imegawana kazi vizuri, yeye anachimba udongo na mimi naula.

Likizo ya mavuno alipewa ruhusa, tukakutana kwa bibi yangu, njia ya kwenda Mhunze. Ruhusa ilipokwisha akapanda lori akarudi kwenye mashimo yake, nami nikarudi shuleni na kile alichoniachia. Mwanzoni sikujua. Nilidhani ni maharage ya shule, maana maharage yale yalikuwa na lawama nyingi, na mimi nikaongeza ya kwangu.

Kisha asubuhi moja mwenzetu wa zamu akanyunyiza maji darasani kabla ya kufagia. Matone yakaruka mpaka ukutani. Harufu ya udongo uliolowa ikanijia, na mate yakanijaa kinywani hata nikashindwa kuitikia jina langu. Hapo nikaelewa kwamba maharage hayana kosa.

Ukuta ule tuliukandika wenyewe mwanzoni mwa mwaka. Udongo tuliuchukua kwenye kichuguu nyuma ya jiko, tukaukanyaga kwa miguu huku tukiimba. Basi nilijua fika mna nini ndani yake: udongo wa kichuguu, maji ya kisima, na nyayo za darasa zima. Hilo halikunizuia. Sakafu ilikuwa imesilibwa kwa samadi ya ng'ombe, na hiyo sikuigusa. Nilikuwa na mimba, sikuwa na wazimu.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda kwenye kichuguu chenyewe. Kichuguu kilikuwa peupe, na Usukumani mwanamke akionekana anabandua udongo wa kichuguu, hata mchunga mbuzi anajua amuulize nini. Nami sikutaka kuulizwa. Sheria ya shule tulisomewa siku ya kwanza: mwanafunzi akishika mimba anakwenda kwao, atarudi atakapomwachisha mtoto ziwa. Ilisikika kama sheria yenye huruma. Lakini wote waliokwenda kwao kabla yetu hakuna aliyerudi. Niliwajua wawili. Mmoja nilimkuta shambani kwa mkwewe anapalilia pamba, akaniambia kalamu ameisahau hata namna ya kuishika. Nami niliutaka ualimu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kwa hiyo nilinyamaza, nikavaa gauni la shule lililo pana, nikala ukuta.

Aliyetusomea sheria ile ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mzaliwa wa Tabora. Mumewe alikuwa karani mjini. Walikuwa wameoana miaka mingi na hawana mtoto, na watu wa kwetu jambo kama hilo hawajui kulinyamazia. Wanawake wote wa rika lake waliitwa Mama na jina la mtoto. Yeye aliitwa Mwalimu, darasani Mwalimu, sokoni Mwalimu, kanisani Mwalimu.

Katika kushona alikuwa na maneno matatu tu. Alikishika kitambaa, akakigeuza, akakileta karibu na macho, kisha akasema, "Fumua. Anza upya." Tuliyasikia maneno hayo hata usingizini.

Masomo ya ulezi tulifundishwa kwa kibuyu. Ndiye aliyekuwa mtoto wa darasa. Kila siku alikogeshwa, akafutwa, akapakwa mafuta, akalazwa ubavu. Sidhani kama Tanganyika nzima palikuwa na mtoto aliyekogeshwa kama yule. Siku ya zamu yangu alinitoka mikononi akapasuka shingo. Wenzangu walicheka. Mwalimu akakiokota akaniambia, "Huyu umeshamzika. Wa pili umshike kichwa." Nilicheka pamoja nao, lakini usiku huo nililia.

Kazi kubwa ya mtihani ilikuwa kushona gauni la mtoto mchanga, mshono mdogo, upindo ulionyooka, vifungo viwili mgongoni. Mkaguzi angekuja mwisho wa mwaka kuyatazama. Nililichukua langu siku ya mapumziko nikalishonee kwa bibi.

Bibi yangu hakuhitaji kuambiwa. Nilipofika tu mlangoni aliniangalia shingoni.

"Mwangaluka, mke mwenzangu," akanisalimu kwa Kisukuma. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa utani wa kumgombania babu. "Naona mwenye nyumba wako wa Geita hakuja kutembea bure."

Nikamwamkia kwa aibu, nikakaa, nikatoa kitambaa changu. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni gauni la mtoto mchanga. Utani wote ukamtoka.

"La mtoto gani?"

"La shule, bibi. Ni mtihani."

"Shule ina mimba? Mwenye mimba hapa ni wewe. Mwana wane, nguo haimtangulii mtu. Ukimshonea ambaye hajafika, unamwita mwingine aje kuivaa. Mimi mbeleko ya ngozi ya kondoo nitaikanda siku nitakayomsikia analia, si kabla."

Nilimweleza habari za mkaguzi. Akasema mkaguzi hazai na mimi.

Nilirudi shuleni nimebanwa huku na huku. Nisiposhona, sipati cheti. Nikishona, nikapatwa na jambo, nitajilaumu mpaka kaburini. Unaweza kusema msichana aliyesoma asingeogopa maneno ya bibi. Jaribu wewe kuwa na mimba ya kwanza, halafu uniambie.

Mwisho nikapata ujanja ambao hadi leo naona haukuwa mbaya. Nilishona upande upande. Kila nilipokaribia mwisho nilipeleka mshono kombo kama njia ya ng'ombe, nikampelekea Mwalimu. Naye akatazama, akasema, "Fumua. Anza upya." Nikafumua kwa moyo mweupe. Si mimi niliyekataa kushona, ni Mwalimu aliyeniamuru nifumue. Wenzangu walikuwa kwenye vifungo, mimi bado nipo begani.

Ukuta nao ulikuwa unaendelea. Shimo langu nililificha kwa kutundika mfuko wangu wa vitabu juu yake. Fito zilikuwa zimeanza kuonekana, nikawa nautoa udongo katikati yake taratibu. Jirani yangu wa dawati alilalamika kwamba darasa lina panya. Nikamwambia nami nimewasikia.

Upande wa pili wa ukuta kilikuwa chumba cha Mwalimu, alimoweka vikapu vya nyuzi na daftari zetu. Hilo nililijua, lakini ukuta ni ukuta, nikauamini.

Mchana mmoja, juma la kabla ya mkaguzi, wenzangu walikwenda shambani kupanda. Mimi niliachwa darasani nimalizie gauni, kwa sababu Mwalimu alikuwa amechoka na mabega yangu. Nikakaa nalo kidogo. Kisha nikauondoa mfuko, nikaingiza kidole shimoni kutafuta bonge moja zuri. Kidole kikapita. Udongo ukaanguka upande wa pili. Nikakisukuma mbele zaidi nione ni tundu la kiasi gani, nacho kikagusa kidole cha mtu.

Nilikichomoa kama nimeumwa na nge.  Kisha sauti ya Mwalimu ikaja kupitia tunduni, karibu kabisa na sikio langu.

"Nani huyo?"

Na mimi, niliyetahiniwa hesabu, afya na maandiko, nikajibu, "Panya, Mwalimu."

Nikasikia kikapu kikisogezwa.

"Panya, njoo huku."

Nikaenda, gauni mkononi, nikijua mwaka wangu umekwisha. Njiani, na njia yenyewe ilikuwa ya kuzunguka darasa tu, nilimwona yule mwenzetu wa shamba la pamba mbele ya macho yangu. Nikabisha, nikaingia. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya meza, vikapu vimesogezwa, na kwenye ukuta wake palikuwa na shimo kubwa kuliko langu. Alikuwa na udongo kwenye mdomo wa chini. Aliniangalia mdomo wangu, nami nikamwangalia wake, na hakuna aliyekuwa na la kumfundisha mwenzake.

"Mwezi wa ngapi?" akauliza.

"Wa tano, Mwalimu."

Akakaa. "Umenitangulia kidogo."

Sikujua nimpe pongezi au nipige magoti. Nikapiga magoti, kwa sababu ndiyo heshima.

"Sheria unaijua," akasema.

"Naijua, Mwalimu. Tulisomewa."

"Niliisoma mimi." Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Yangu pia wanayo, ya walimu wa kike. Wakijua tu, nafunga vikapu hivi na wanaleta mwingine, na ninyi mnafanya mtihani na mtu asiyewajua. Amejua mume wangu, na sasa amejua panya."

Nilicheka. Sikukusudia, ilinitoka tu. Naye akacheka, mara ya kwanza kumwona meno. Kisha akalichukua gauni langu mkononi mwangu, akalitazama, uso ukarudi ule wa darasani.

"Na hili? Wewe unajua kushona. Mshono wako wa kwanza wa mwaka niliuonyesha darasa zima. Kwa nini unaniletea takataka?"

Nikamwambia yote, bibi na mbeleko na nguo isiyomtangulia mtu. Nilitegemea aniambie huo ni ujinga, maana hayo ndiyo tuliyokuwa tukifundishwa kuwaambia wanawake wa vijijini. Hakusema. Aliuzungusha uzi kidoleni.

"Nami nyumbani kwangu sijatia hata uzi kwenye sindano," akasema. Kisha akanirudishia gauni. "Basi hili si la mwanao. Mshonee wangu. Nami nitamshonea wako. Bibi yako hana la kusema hapo."

Gauni lililonishinda miezi nililimaliza siku ile kabla ya wenzangu kurudi kutoka shambani. Upindo ulinyooka kama uzi wa fundi. Nilikuwa nimefurahi mno hata nikaupa ukuta mapumziko.

Mkaguzi akaja, mama wa Kizungu aliyejua Kiswahili vizuri, ila alikisema kwa kasi kama anayekimbizwa. Alilisifu gauni langu, akamwona mtoto wetu wa kibuyu akikogeshwa. Halafu akatembea mpaka nyuma ya darasa, akauinua mfuko wangu.

"Hii nini?"

"Mchwa, Mama," akasema Mwalimu, bila kupepesa.

Mkaguzi akainama. "Mchwa hula miti na kuacha udongo. Hawa wamekula udongo, miti wameiacha."

"Wa huku wako hivyo, Mama."

Mkaguzi akaingiza fimbo yake tunduni, ikatokea upande wa pili. Akamtazama Mwalimu, kuanzia kichwani mpaka kwenye mshipi wa gauni aliokuwa ameacha kuufunga. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimelishika gauni la mtoto mbele ya tumbo langu, kama ndiyo namna ya kulionyesha. 

"Ukandikeni," akasema, akauachia mfuko. "Na udongo mzuri." Akaandika alama zake, akaondoka. Kama alijua au hakujua, hilo aliondoka nalo.

Nilipata cheti. Mwanangu, binti, alizaliwa kwa bibi wakati wa mvua za masika, na bibi akaanza kuikanda ngozi ya kondoo mtoto akiwa bado analia kilio cha kwanza, kama alivyoahidi.

Pamba ilipokuwa inachumwa, Mwalimu akaja. Nilimwona kwa mbali njiani, mrefu vile vile, lakini anatembea polepole, na mgongoni ana mbeleko. Nikakimbia kumpokea. Nilitaka kusema "Shikamoo, Mwalimu," nikasita, nikamwuliza kwanza mtoto anaitwa nani. Akaniambia. Basi nikasema, "Shikamoo, Mama," nikaliongeza jina la mwanawe.  Aligeuka akajifanya anaikaza mbeleko.

Mtoto wake alikuwa amevaa gauni langu. Tulipokaa, na bibi ameleta michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na maziwa, akafungua kikapu akatoa la kwake. Nikalishika, nikaligeuza, nikalileta karibu na macho kama alivyokuwa akifanya yeye. Jamani, lilikuwa limepinda! Mshono umekwenda kombo kuliko ule wangu wa ujanja, upindo unapanda na kushuka, vifungo havikukaa sawa na matundu yake. Siku kama ile nilikuwa nimeingoja maisha yangu yote.

"Fumua," nikasema. "Anza upya."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mwalimu alitabasamu kidogo tu, akaangalia mikono yake.

"Kabla ya huyu walikuwa watatu," akasema. "Hawakufika. Hilo nililishona usiku, nikitetemeka. Nilikuwa nikijiambia wako atafika, hata wangu asipofika, basi mmoja wetu atakuwa na wa kumvalisha. Usilifumue."

Nilimchukua binti yangu nikamvalisha, kifungo cha juu kwa juu na cha chini kwa chini, nikampa Mwalimu ampakate. Bibi, ambaye habari za ukuta nilikwisha kumsimulia, akaacha kucheka, akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na bonge la kichuguu kiganjani. Akalivunja vipande viwili, akampa kila mmoja wetu chake.