Unga mweupe kwenye majani ya maboga ulivyotaka kunikosanisha na jirani yangu, Bukavu ya zamani

Wakuu, jambo yenu humu ndani.

Mimi ni bibi, miaka themanini na kitu, mjukuu ananiandikia huku akicheka. Nimeona watu wanaulizana kuhusu unga mweupe kwenye majani ya bustani. Hili lilinipata mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwishoni, Wabelgiji bado wapo. Mume wangu alikuwa karani mjini. Alinitoa kwetu Shabunda nikiwa binti mbichi, akaniweka Kadutu, nyumba ndogo mlimani. Jamani, ile Kadutu! Asubuhi ukungu unapanda kutoka ziwani, moshi wa majiko unachanganyika nao, mnasalimiana bila kuonana. Naikumbuka mpaka nalia.

Mashi, lugha ya wenyeji wa pale, sikuijua hata neno. Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, Maman Nsimire, jirani yangu, mzaliwa wa Nyangezi. Kila asubuhi aliniita twende robine kuchota maji. Bila yeye ningerudi kwetu kwa miguu, naapa.

Sasa, mimi nilikuwa natwanga unga wa muhogo, bunga tunavyoita sisi, nyuma ya nyumba. Upande wa pili wa ua, yeye alikuwa na maboga yake, majani ndiyo mboga ya watoto wake.

Kiangazi kikaingia. Majani yakaanza madoa meupe, kama mtu kayapaka poda. Wiki haikuisha, bustani nzima nyeupe.

Akanisimamia kwenye ua, mikono kiunoni.

"We bibi ya karani! Bunga yako inaua maboga yangu! Upepo iko inaileta yote huku!"

Nikahamisha kinu mpaka upande wa barabara. Wapi! Weupe ukazidi. Naye akaacha kuniita. Nilikuwa nasikia ndoo yake ikipita, mimi nimekaa ndani na kitenge mdomoni, nalia kama mtoto. (Mume wangu aliniambia eti yatapita. Wanaume!)

Siku moja uvumilivu ukaniisha. Nikaingia bustanini kwake bila hodi, nikachuma jani moja, nikaligeuza.

"Maman, samahani, angalia huku chini. Nyeupe iko mpaka chini ya jani. Bunga yangu iko na miguu ya kupandia huku?"

Akafuta kwa kidole, akaonja. Mimi pia nikaonja. Muhogo haukuwemo kabisa, ni harufu ya uvundo tu, ya nguo iliyokunjwa mbichi.

"Yoo! Haiko bunga," akasema polepole. "Iko ugonjwa."

Akakumbuka kwamba masista waliomfundisha kushona walikuwa na waridi zilizoshikwa hivyo hivyo. Basi tukafanya kama wao. Tulikata majani yaliyoharibika, tukayachoma mbali. Tukapunguza matawi yaliyosongamana ili jua na upepo vipite. Kisha bikarbonate, ile dawa ya unga ya tumbo la mume wake, kijiko kidogo kwa lita ya maji, na sabuni kiduchu. Tukanyunyiza kwa fagio la majani asubuhi mapema, juu na chini ya jani. Jua kali likishawaka usithubutu, utaunguza.

Mzee wa watu alitafuta dawa yake ya tumbo nyumba nzima. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Msinielewe vibaya, jani lililokwisha kuwa jeupe halirudi kijani. Angalia machipukizi mapya. Yetu yalitoka safi.

Kesho yake nikasikia kwenye ua: "Bibi ya karani! Uko unalala? Twende robine!" Nilitoka bila viatu. Jioni akaleta sufuria ya majani ya maboga, mimi nikasonga bugali ya bunga ile ile aliyoisingizia. "Njoo tukule," akasema, na ugomvi ukaishia hapo.

Somo: kabla hujamshika mtu shati, geuza jani uangalie chini.

Nyie mnatumia nini kwenye bustani zenu? Maziwa? Majivu? Mwageni hapa, mjukuu atanisomea.

Maana kiangazi kikifika maboga yangu bado yanashikwa. Dawa ninayo. Ila Maman Nsimire tulishamzika, na wa kunisimamia kwenye ua anigombeze sina tena.