Kumtafuta Mama Kwenye Spika

Gari letu la kwanza lilikuja kutoka Japani likiwa na kila kitu isipokuwa maneno tunayoyaelewa. Ukiliwasha, mwanamke fulani aliyekaa ndani ya dashibodi anakusalimia kwa Kijapani, kwa adabu nyingi sana, na mume wangu anamwitikia, "Asante, dada." Redio yenyewe ilipendeza kuitazama, ina taa za bluu na vitufe vingi, lakini masafa yake yalikuwa ya huko kwao. Hapa Dodoma ilikamata stesheni moja tu, na hiyo moja nayo ilikoroma.

Majirani zetu wa Area D wenye magari kama letu walikuwa wameshang'oa redio hizo wakaweka za kuchomeka flashi. Mume wangu hakutaka kusikia habari hiyo. "Gari limetoka nayo kiwandani," alisema, kwa uchungu wa mtu aliyeambiwa atolewe figo. Tena redio ilikuwa na mdomo wa kumeza sidii, na yeye laptop yake ya zamani ilikuwa bado ina sehemu ya kuchomea sidii. Kwa hesabu zake, hatukupungukiwa na kitu.

Wakati huo mama yake alikuwa kwetu. Alikuwa ametoka Mlali kuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na tulikuwa tunampeleka hospitali na kumrudisha kwa gari hilo. Siku moja, tunatoka kliniki, jicho lake moja limefunikwa, akauliza kutoka kiti cha mbele, "Mbona gari lenu bubu?"

Mume wangu akaona aibu. Akajibu bila kufikiri, "Mama, siku ya kukurudisha nyumbani utaisikia kwaya yako mwenyewe humu ndani."

Mama mkwe wangu ameimba kwaya ya akina mama kanisani kwao tangu kabla ya kumzaa mume wangu. Yeye ndiye mwanzishaji. Wimbo hauanzi mpaka awanong'oneze wenzake sauti ya kuanzia. Kwa miaka yote niliyoolewa katika ukoo ule nimesimuliwa sauti yake na wajomba, na mashangazi, na hata watu wa kupita. Na kwenye simu ya mume wangu zilikuwepo nyimbo za kwaya hiyo, zilizorekodiwa na mzee mmoja wa kanisa siku ya sikukuu ya mavuno. Mama akasema, "Haya. Nitasikia."

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Sidii tupu tulizipata mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi anayeuza redio na pasi na betri. Aliuliza mara mbili kama tunasema kweli. Akapanda ngazi, akashuka na boksi lenye vumbi la miaka. "Siku hizi wanaonunua hizi ni watu wa Hombolo tu, baba," alimwambia mume wangu. "Wanatundika kwenye mizabibu kufukuza ndege."

"Sisi ni kwa ajili ya muziki," mume wangu akasema, akijinyoosha.

Sidii ya kwanza redio iliimeza, ikafikiri, ikaandika mstari mmoja wa Kijapani kwenye kioo chake, ikaitema kama mtoto anayetema dawa.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inasema tusubiri."

Tukasubiri. Akairudisha. Ikatemwa tena, na mstari uleule.

"Sasa inasemaje?"

"Inasema ni chafu," akasema, akaipangusa kwa shati lake la kazini. Nikataka kumuuliza amejifunza Kijapani lini, ila nilimwona usoni kwamba si wakati wake. Nilichomwambia ni kwamba, zikizidi kuharibika, tutafute shamba la zabibu.

Jumamosi mchana akajifungia chumbani na laptop. Mimi na mama tulikuwa barazani, yeye anabangua karanga kwa kupapasa, mimi napepeta.

"Mwenzako yuko wapi?" akauliza.

"Yuko chumbani, mama, anachoma sidii."

Mikono yake ikasimama. Akainua pua. Akavuta hewa upande huu, akavuta upande ule, halafu akanyanyuka na kuingia ndani akishika ukuta, mimi nyuma yake nikiita mama, mama, sivyo. Akapiga mlango wa chumba kwa kiganja. "Baba! Toka nje na moto wako! Nyumba yenyewe ya kupanga!"

Ikabidi mwanawe atoke amweleze kwamba ni mwanga tu unaoandika nyimbo juu ya kisahani, kwamba kuchoma ni jina tu, hakuna jivu wala moshi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Moto usio na moshi," akasema, "ndiyo maana hakiivi." Akarudi kwenye karanga zake.

Na kweli hazikuiva, nyingine kadhaa. Kisha mume wangu akasoma huku na huku mtandaoni, akagundua kosa. Alikuwa anaziweka nyimbo kwenye sidii kama mtu anavyohifadhi faili za kompyuta, na redio ile ya zamani ilikuwa inajua aina moja tu, sidii ya muziki kama zile zilizokuwa zinauzwa madukani zamani. Palikuwa na mahali pa kuchagua, naye hakuwahi kupaangalia. Alitoka chumbani kwa heshima zote.

"Tatizo lilikuwa lugha," alitangaza.

"Ya Kijapani?"

"Ya sidii."

Jumapili, tuliporudi kanisani, tukamkaribisha mama kwenye kiti cha mbele, gari likiwa limesimama uani. Alivaa vizuri kuliko alivyokuwa amevaa kanisani. Mume wangu akaingiza sidii. Redio ikafikiri. Halafu tukasikia mtu akikohoa, tukasikia jogoo, na kisha, kwenye spika zote, kwaya ya akina mama wa Mlali ikaanza kuimba Kigogo ndani ya Area D. Mume wangu alipiga makofi kama goli limefungwa. Mimi mwenyewe, mtu wa Tanga nisiyejua Kigogo zaidi ya salamu, nilisisimka.

Mama alitega sikio. Alikaa na mkoba magotini, kichwa kimeinama. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, ukafika katikati.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Mume wangu akainama karibu na spika. Tulichokisikia wote, juu ya sauti zote, ilikuwa sauti moja kali ya mwanamke mwingine, inakwenda mbele kama mbuzi aliyekata kamba.

"Huyo ni jirani yangu," mama akasema. Tulimjua: nyumba zao zinatazamana, na wamekuwa wakishindana kwa kila kitu, kwa kupendana sana, tangu wasichana. "Mimi nimesimama kulia kwake. Nitafute."

Basi mtu mzima, mtumishi wa serikali, alikaa akizungusha kitufe kumtafuta mama yake. Akapeleka sauti zote kulia: jirani. Akazipeleka kushoto: jirani, na jogoo. Akaongeza besi, gari zima likaguna, mama hayumo. Akapunguza besi, tukapata kikohozi kwa ufasaha zaidi.

"Aliyerekodi ni nani?" mama akauliza.

"Ni mzee wa kanisa, yule…" Mume wangu akasita.

"Mume wake," mama akamalizia. Akafungua mlango, akashuka. Chakula cha mchana siku hiyo tulikula kwa utulivu mkubwa.

Daktari aliporidhika na jicho, tukamrudisha. Sidii ile tuliiweka kwa sababu ahadi ni ahadi, na mama hakuikataa. Kwenye lami ilitulia vizuri. Tukapita Kibaigwa na magunia yake ya mahindi, na niliona kati ya viti kwamba mama alikuwa anaitikia kwa kidole kimoja juu ya mkoba, ingawa mdomo ulikuwa umefungwa. Jicho lake jipya lilikuwa linatazama kila kitu. Alitusomea mabango yote ya barabarani, hata yale ambayo tungependa asiyasome.

Baada ya Pandambili tuliacha lami. Barabara ya vumbi ilikuwa imejikunja mikunjo-mikunjo kama paja la mtu aliyelalia mkeka, gari likatetemeka, na redio nayo ikatetemeka. Katikati ya wimbo, mahali ambapo hata mimi nilijua kwamba jambo kubwa linakuja, sidii ikanasa. Nusu ya neno, nusu ya neno, nusu ya neno. Mume wangu akaipiga dashibodi kofi. Nusu ya neno. Akapiga tena. Yule mwanamke wa Kijapani akasema kitu.

Na hapo mama akalimaliza lile neno.

Alilimalizia bila kujikohoza wala kujiandaa, kama mtu anayeokota mzigo ulioangukia njiani, akaendelea na mstari unaofuata. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa nyembamba, ina ufa kidogo kwa juu, lakini ilikuwa inajua inakokwenda na haikuwa na haraka ya kufika. Sidii ikajitahidi ikamfikia, ikanasa tena. Mama akaionyesha kiganja kwamba imetosha, na mume wangu akaizima.

Nilikuwa nimeolewa kwa mwanawe miaka mingi, nimekwenda Mlali mara nyingi, nimekaa kanisani safu za nyuma na watoto, nimeisikia kwaya. Yeye peke yake sikuwahi kumsikia. Nilikuwa nimechukulia kwamba sifa zile ni za ukoo, kama vile kila ukoo ulivyo na mjomba aliyewahi kumkimbiza simba. Nilikaa kiti cha nyuma na mifuko ya sukari na mchele, nikageuka dirishani nitazame mibuyu, maana macho yalikuwa yananisumbua.

Mume wangu aliendesha polepole hata pale ambapo hapakuwa na shimo. Kwenye kiitikio akaingiza besi yake. Besi ya mume wangu ni jambo la kusamehewa, na mama akaisamehe; alipandisha tu sauti kidogo ili isimpoteze njia. Mimi nikafuatisha kwa pua.

Tulipofika, wenzake wa kwaya walikuwa wameshajua habari za jicho na za sidii. Salamu za "Mbukwenyi!" huku na huku, jicho likakaguliwa na kila mtu, nasi tukapewa togwa. Kisha wakataka kuisikia hiyo kwaya ya ndani ya gari. Gari limesimama, sidii ikatii. Milango yote minne ikafunguliwa, na jirani mwenyewe akakaribishwa kiti cha mbele. Alijisikia mwanzo hadi mwisho, mkono kifuani.

"Kumbe ninaimba hivi!" akasema.

"Ndiyo," mama akamjibu kutoka nje, "na unaharakisha."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Jirani alicheka kuliko wote, kisha akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Kila aliyechelewa kufika alitaka yake, na mchana wote ule kwaya iliimba ndani ya gari huku kwaya ikiwa imesimama nje. Baadaye mama akaamua irekodiwe upya. Aliwapanga mwenyewe, akachagua mahali pa kuweka simu, juu ya kinu kilichopinduliwa, mbali sawasawa na kila mtu, akatangaza kwamba mume wa mtu yeyote asiiguse. Wakaimba. Safari hii hata jogoo alisubiri mpaka mwisho.

Tulipotaka kuondoka, gari halikuwaka. Betri ilikuwa imekwisha kwa kuimba. Mume wangu akakaa kwenye usukani, akina mama wakajipanga nyuma, kanga zimekazwa viunoni, mama na jirani yake bega kwa bega katikati, wakaanza kusukuma. Na kwa kuwa ni wanakwaya, hawakusukuma kimya. Tulipita nyumba baada ya nyumba, watu wakatoka kututazama, mimi nimeshika kioo cha pembeni nikisukuma na kuimba nisichokijua. Tulikwenda mbali. Hatimaye mume wangu akatoa kichwa dirishani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nimekumbuka. Hili ni la otomatiki. Haliwaki kwa kusukumwa."

"Waambie wewe," nikasema.

Hakuwaambia. Alishuka akasema inatosha, wamechoka, Mungu awabariki. Mfanyabiashara wa alizeti aliyekuwa anapita na pikapu yake akatugawia umeme kwa waya, na mwanamke wa Kijapani akatusalimia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sidii mpya mume wangu aliichoma jioni ya siku iliyofuata, polepole, kwa mwendo mdogo kabisa ambao laptop iliukubali, maana alikuwa amesoma kwamba hivyo ndivyo inavyovumilia mikunjo. Ninapokwenda naye kazini asubuhi namsikia mama, wa tatu kutoka kushoto, hajifichi wala hajitangazi. Mume wangu hazungushi tena kitufe chochote.

Kisha mama akapiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za jicho, akasema wenzake wote wanataka ya kwao, kila mmoja na yake.

"Mama," mume wangu akamwambia, "nyie kwaya nzima hakuna hata mmoja mwenye gari."

"Wewe choma tu," mama akasema. "Magari yatakuja."

Jumamosi hiyo mume wangu alirudi kwa mzee wa duka kuchukua sidii zote zilizobaki kwenye boksi.