Sakafu ya Darasa la Tatu

Harufu ya samadi mbichi ya ng'ombe ikinifikia popote nilipo, akili yangu huniambia leo ni Ijumaa. Wapo wanaoukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi; mimi naukumbuka kwa mavi ya ng'ombe, na sioni haya kusema. Miaka ya tisini, katika shule yetu karibu na Matete, magharibi mwa Kenya, madarasa hayakuwa na saruji. Kila Ijumaa alasiri tulileta samadi kwenye mikebe, tukaikoroga na maji na udongo, tukasiriba sakafu kwa mikono ili kuzuia vumbi na funza. Kila mtoto alikuwa na kipande chake. Hata asiyekuja shuleni kipande chake kilimngoja, na mtu wa kwao ndiye aliyepaswa kukisiriba. Ndiyo maana mimi, msichana wa darasa la saba, nilibeba mikebe miwili: mmoja wangu, wa pili wa mdogo wangu Nasambu, aliyekuwa darasa la tatu lakini hakuwa ameingia darasani tangu muhula uanze.

Nasambu hakuwa mvivu. Nalisema hili kwa sababu uvivu ulitajwa sana. Aliamka kabla yangu, akavaa sare, akatembea nami katikati ya mashamba ya miwa akipiga hadithi. Lakini tulipoliona lango la shule, mkono wake ulilowa jasho ndani ya mkono wangu, pumzi zikamkatika, akatapika uji wote kando ya njia. Kisha alilia kwa aibu. Nilimrudisha nyumbani, nikafika shuleni nimechelewa, nikachapwa. Mama alimpeleka kwenye maombi. Jirani alisema mtoto ametupiwa jicho. Baba, mkata miwa asiye na maneno mengi, alijaribu kiboko, na alipoona hakisaidii akatoa amri: muhula ukiisha kabla Nasambu hajakaa darasani, atapelekwa Lumakanda kwa shangazi akalee watoto. "Kama shule inamshindanga, kazi haitamshinda," alisema. Nasambu alikuwa na miaka tisa. Niliapa kwamba haendi, akasirike atakayekasirika.

Ijumaa moja niliuficha mkebe wake ndani ya miwa mpaka watoto wote walipokwenda zao, kisha nikamfuata Nasambu nyumbani. Nilimwambia mkono unaniuma, aje anisaidie kusiriba. Ulikuwa uongo, na ningeusema tena leo. Langoni alisita, akasikiliza, akaona hakuna mtu, akaingia. Kipande chake kilikuwa karibu na mlango. Alipiga magoti akasiriba kama Mama alivyosiriba barazani kwetu, kiganja kikichora nusu duara moja baada ya nyingine, hadi nikaona aibu kwa yote niliyomsiribia vibaya. Alikuwa ndani ya darasa na hakutapika. Tulipomaliza aliinama akakitazama kipande chake kwa wasiwasi.

"Kitapasuka kikikauka?" aliniuliza.

"Sijui. Kuja Jumatatu ukione."

Jumatatu alikuja. Alitapika langoni, ndiyo, lakini alipangusa mdomo akaenda kuiona sakafu yake. Haikuwa na ufa hata mmoja. Akaketi juu yake, mgongo kwenye mwimo wa mlango, nami nikaketi kando yake. Mwalimu Roda, aliyefundisha darasa la tatu, alikuwa akiwapanga watoto kwa nafasi zao katika mtihani, na asiye na alama aliwekwa mbele kabisa, chini ya ubao. Akamwamuru Nasambu ahamie huko. Nasambu akaanza kuhema. Nikasema hapana, kwa sauti iliyonishtua mimi mwenyewe. Mwalimu mkuu akaitwa, akaja na kiboko chake.

"Wewe Nanjala, hili ni darasa lako?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi toka."

"Nikitoka, tunatoka wawili."

Nilichapwa viboko vinne viganjani, nikarudi kuketi palepale. Jumanne nilichapwa tena. Jumatano Mwalimu Roda aliitazama mikono yangu iliyovimba, akamtazama Nasambu, aliyekuwa amefanya hesabu zote huku daftari liko magotini. "Huyu akae tu hapo mlangoni," alisema. "Hasumbuangi mtu." Nilikaa naye wiki tatu. Halafu nikasogea nje ya mlango mahali alipoweza kuniona, na siku moja akanipungia mkono niende zangu. Muhula huo nilianguka kutoka nafasi ya pili hadi ya kumi na tisa, na sijutii hata nafasi moja. Baba aliisoma ripoti yangu, kisha ya Nasambu, iliyokuwa na alama za masomo yote. Alizikunja pamoja akaziweka ndani ya Biblia ya Mama. Lumakanda haikutajwa tena.

Siku hizi shule ile ina saruji na mwalimu wa ushauri nasaha mwenye ofisi yake. Nafurahi. Watu huniuliza ugonjwa ule uliitwaje, nami huwajibu kwamba sikuhitaji jina lake ili kuketi chini. Nasambu hakupona vile watu wanavyopenda kusikia. Anafanya kazi ya maabara katika zahanati mjini Kakamega, na mpaka leo kanisani huketi karibu na mlango. Shemeji yangu akimcheka, mimi humnyamazisha. Januari hii mwanawe alianza shule ya chekechea. Siku ya tatu Nasambu alinipigia simu, akasema maneno mawili tu: "Dada, kuja." Nilimkuta ameketi sakafuni kando ya mlango wa darasa na koti lake jeupe la kazini, mtoto amemng'ang'ania shingoni, mwalimu kijana akimweleza kwa upole kwamba wazazi hawaruhusiwi kubaki darasani. Nilivuta pumzi niseme. Nasambu akaniwahi.

"Nikitoka, tunatoka wawili," alimwambia mwalimu.

Saruji ilikuwa baridi kweli. Nikavua viatu, nikaketi upande wa pili wa mtoto.