Siku Devota Alipoifagia Barabara ya Makere

Siku hiyo, mwanangu, mpaka leo sijaisahau. Ilikuwa asubuhi ya masika, hapa hapa Kasulu, nimekaa mbele ya kompyuta katika studio ya Mzee Shabani. Wageni wako njiani kutoka Kibondo, na barabara niliyoichora kwa wiki nyingi inang'aa mbele yangu kama sahani iliyotoka kuoshwa. Yote, mwanzo hadi mwisho. Haikutakiwa kung'aa yote.

Ngoja nikueleze polepole, maana ninyi mmezaliwa na simu mkononi mkadhani mambo haya yameanza nanyi. Wakati huo nilikuwa msichana, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Mzee Shabani alikuwa na duka la vifaa vya shule na studio ya picha karibu na stendi. Babu yake alitoka Pangani, na yeye aliongea Kiswahili cha huko utadhani kafika jana. Chumba cha nyuma alituachia sisi vijana tutengeneze gemu. Wageni wa Kibondo walitaka gemu ya kuwafundisha bodaboda kuendesha wakati wa mvua kwenye barabara yetu ya udongo inayopita Makere, na siku hiyo walikuwa wanakuja kuijaribu.

Mwenzangu chumbani alikuwa Devota, binti wa Gwarama. Alikuja kujifunza, na alikuwa kwenye majaribio. Baba yake alishamwambia wazi: huko mjini ukirudishwa, usiniombe tena ruhusa ya kutoka hapa. Na Mzee Shabani aliniambia mimi ndiye nitakayesema kama Devota abaki au aende. Basi riziki ya mtoto wa watu ilikuwa kinywani mwangu, na kinywa chenyewe nimeshakwambia kilivyokuwa.

Barabara ndani ya gemu ni picha tu, inatandikwa juu ya ardhi kama mkeka. Picha ya kawaida hubeba rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwenye chaneli yake, na kutokana na hizo unapata nyingine zote. Yangu ilibeba na chaneli ya nne. Wengi huitumia hiyo ya nne kuonyesha mahali picha inapopitisha mwanga kama kioo. Sisi tuliitumia kuiambia gemu wapi pana maji na wapi pakavu. Penye maji panang'aa na pikipiki inateleza, pakavu tairi linashika. Shida ni kwamba programu ya kuhariri picha haijui makubaliano yenu. Ukilifungua faili hilo, yaani lile la TGA tulilofanyia kazi, yenyewe inaona kila palipo pakavu ni tundu. Inakuonyesha vile vijiraba vya kijivu na vyeupe. Asiyeambiwa atasema picha imetobokatoboka.

Devota alifika mapema kuliko mimi. Kwao Gwarama, kama kwetu Rungwe Mpya, mgeni akitarajiwa ua unafagiwa kabla jua halijapanda, hata kule nyuma ya jiko ambako mgeni hatafika. Akafagia chumba, akafuta meza, akapanga viti. Kisha akawasha kompyuta ahakikishe kila kitu kiko sawa, akalikuta faili la barabara lina matundu. Akaona aibu kwa niaba yangu. Akayaziba yote kwa rangi ya udongo mwekundu, akaunganisha tabaka zote kuwa moja, akahifadhi kwa jina lile lile, juu ya lile lile. Akaenda kuchemsha chai.

"Mwakeye, dada!" alinisalimia nilipoingia, uso umemchangamka. "Barabara yako nimeshaisafisha. Wageni wasije wakatucheka."

Sikuelewa mpaka nilipoliingiza faili kwenye gemu, juu ya lile la jana, na kuiwasha. Chaneli ya nne haikuwepo tena, na gemu isipoikuta huichukulia imejaa, kwa hiyo kila mahali palikuwa maji. Hapakuwa na dimbwi la kukwepa wala sehemu kavu ya kukimbilia. Pikipiki ilikuwa inateleza tangu mita ya kwanza. Kitu ambacho wageni walikuwa wanakifuata kutoka Kibondo kilikuwa kimefagiwa.

Nilipiga kelele ambayo nadhani waliisikia stendi. "Umeniua! Devota, umeniua!"

"Nimefanya nini, dada?"

"Rudi kwenu Gwarama ukafagie ua! Hapa hapakufai!"

Hakulia. Afadhali angelia. Alichukua mkoba wake ukutani, akautundika begani, akasimama hapo akiangalia sakafu aliyoifagia mwenyewe. Ndipo Mzee Shabani alipoingia kutoka dukani, miwani mkononi.

"Zawadi, teremsha sauti. Kafanya nini?"

"Amefuta maji yote, Mzee!"

"Maji gani?"

Nikamweleza yote, chaneli ya nne, matundu ambayo si matundu, wageni walio njiani. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akanitazama mimi, si Devota.

"Ulimwambia kwamba humo mna maji?"

"Kila anayefanya kazi hizi anajua, Mzee."

"Sikukuuliza wanaojua. Huyu ulimwambia?"

"Hapana."

"Na nakala nyingine iko wapi?"

Sikuwa na nakala. Nililiamini faili langu kama ninavyouamini mkono wangu.

"Basi sikiliza, mwanangu. Umeweka kitu cha thamani mahali panapoonekana patupu. Hukutia alama, hukumwambia mtu, hukubakiza kingine. Binti wa watu kakuta takataka, kasafisha, kwa kuwa kalelewa vizuri. Sasa unamfukuza. Neno langu silirudishi, ukitaka aende ataenda. Ila mfukuze ukishatafuta, usimfukuze kabla ya kutafuta."

Nilimchukia Mzee yule kwa kitambo, sikufichi. Mtu akikwambia kweli wakati umekasirika anakuwa adui yako wa pili. Nilikaa nikakodolea kioo macho, na machozi yakaanza kunitoka ya hasira.

Sauti ya Devota ikaja kutoka mlangoni, ndogo. "Dada. Ile kompyuta ya kujifunzia… gemu ya wiki iliyopita si imo bado?"

Ilikuwamo. Gemu yenyewe haisomi lile faili kubwa la TGA, tunaligeuza kwanza kuwa DDS, faili lililobanwa ili liwe jepesi. Likibanwa hupoteza uzuri kidogo, kingo zinakuwa na viraba viraba, lakini ile ya nne inaweza kubaki ndani. Tukalifungua. Barabara ikatokea na maji yake, imechakaa kidogo lakini ipo. Nilitaka kumkumbatia na nikaona haya, nikaishia kuvuta kiti.

Haikuwa imekwisha. Faili lile lilikuwa la zamani, halikuwa na mteremko wa karibu na Makere, na wageni walikuwa wanapita hapo hapo kwa gari lao. Mzee akaingiza kichwa mlangoni: wamepiga simu, Makere wameshaiacha. Nikafungua chaneli ya nne peke yake, nikaanza kuchora dimbwi katikati ya mteremko.

"Maji hayakai katikati, dada," Devota akasema. "Mimi nimepita na basi juzi. Yanakaa kwenye njia za matairi, kushoto ukiwa unashuka. Basi letu liliserereka hapo watu wakapiga yowe."

Nikafuta, nikachora alivyosema. Akanionyesha kwa kidole na mimi nafuata, mkoba bado uko begani kwake. Nilipomaliza niliharakisha kuhifadhi. Programu ikauliza mbano upi, na kuna mbano unaobeba chaneli ya nne na kuna unaoitupa bila hata kukuaga. Kidole kilikuwa kimeshagusa wa kwanza kwenye orodha.

"Dada, huo unabeba maji?"

Nikatazama. Ulikuwa ule unaotupa. Angekaa kimya, na baada ya maneno niliyomwambia alikuwa na kila sababu ya kukaa kimya, tungezika barabara ile mara ya pili kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikachagua mwingine, nikahifadhi kwa jina jipya, nikaliingiza kwenye gemu. Gari likalia nje.

Wageni walikuwa mama mmoja mtumishi wa serikali na kiongozi wa bodaboda mwenye tope mpaka magotini. Huyo kiongozi ndiye aliyekaa kuicheza. Alikwenda vizuri, akakwepa, akacheka, mpaka alipofika mteremkoni, akafunga breki kwa nguvu akarudi nyuma na kiti.

"Yoo! Hapa tumepita sasa hivi! Hapa hapa, kushoto!"

Mama yule akainama karibu na kioo. "Nzuri. Ila mbona kingo za madimbwi zina viraba viraba?"

Nilikuwa na uongo tayari ulimini, nitasema kompyuta ni ya zamani. Mzee Shabani alikuwa mlangoni, akinitazama. Nikauacha.

"Faili zuri limepotea asubuhi hii, mama. Sikuweka nakala, na sikumweleza mwenzangu kilichomo."

"Mwenzako yupi?"

"Huyu hapa, Devota. Ndiye ajuaye maji ya Makere yanapokaa."

Devota alinitazama. Kisha, taratibu, akauvua mkoba begani akautundika mahali pake ukutani. Kazi tulipewa. Lakini mimi ninachokikumbuka ni ule mkoba ukirudi ukutani.

Sasa, mwanangu, kwa nini nimekuita ndani na kuiacha chai yako ipoe? Faili la kazi ni moja na faili la kulisha gemu ni jingine. Usifanyie kazi lililobanwa, kwa sababu kila ukilibana upya linapungua. Weka nakala hata kama unajiamini, hasa kama unajiamini. Kitu chako kikiwa hakionekani kwa macho, mwambie aliye karibu nawe kabla hajashika ufagio. Na ukikuta cha mwenzako kinafanana na takataka, uliza. Hayo ya kompyuta utayajua kunishinda, najua. Lililo gumu ni la mdomo. Neno ulilomtupia mtu halina nakala ya jana ya kuirudia.

Mungu aibariki mikono yako, aupoze na ulimi wako. Akujalie watu wa kukuuliza kabla hujabonyeza, na akupe masikio ya kuwasikia.

Haya, inuka. Nimekusikia asubuhi ukimfokea mwenzako Elia kwa lile faili alilolisafisha. Yuko pale nje bado, na mkoba uko begani.